Msaada: nyutroni inaona nini kwenye protini ambacho eksirei haioni?

seli_moja
Habari wakuu, naombeni mnifungue macho hapa. Niko kwenye masta, nashughulika na protini moja inayoshikana na kipande cha RNA. Vyote viwili nimeshavitengeneza na ukivichanganya vinakaa pamoja fresh tu, shida fuwele zimegoma, miezi saba sasa naambulia kitu kama vumbi. Nikaamua kupiga eksirei za pembe ndogo (sampuli ikiwa kwenye maji, bila fuwele) kwenye sinkrotroni, ile mashine kubwa ya kuzalisha eksirei kali, nikapata umbo la jumla, lirefu hivi lina kiuno katikati, ila upande upi ni protini na upande upi ni RNA siwezi kusema, yaani nikigeuza picha kichwa chini miguu juu data inakubali vilevile. Msimamizi wangu akaniangalia akasema "andika maombi ya nyutroni" akaondoka zake.

Sasa mimi ni mtu wa biolojia, nyutroni niliziacha kidato cha nne. Maswali yangu: zinaona nini ambacho eksirei haioni? Na kama zinatoka kwenye kinu cha nyuklia si zitaniunguzia sampuli, na mimi mwenyewe je? Na hayo maji mazito ninayosikia ni lazima?

mzee_wa_bafa
Mkuu msimamizi wako hajakosea, ila angekaa dakika kumi akueleze. Eksirei inatawanywa na elektroni. Fosforasi ina 15, oksijeni 8, kaboni 6, haidrojeni anayo moja tu tena hiyo moja imeshavutwa kwenye kifungo, kwa hiyo mbele ya eksirei haidrojeni ni kama hayupo, wakati karibu nusu ya atomu za protini yako ni haidrojeni. Nyutroni haina chaji, inazipita elektroni inaenda kugongana na kiini chenyewe cha atomu, na viini havifuati mpangilio wa mkubwa na mdogo. Sasa shika hapa: urefu wa mtawanyo, yaani kipimo cha jinsi kiini kinavyoitawanya nyutroni, wa haidrojeni ya kawaida ni -3.74 femtomita, wa dyuteriamu, ambayo ni haidrojeni hiyohiyo yenye nyutroni moja ya ziada, ni +6.67. Ona hiyo alama ya kutoa. Mchezo wote uko hapo.

Maana yake maji ya kawaida yanaangukia chini ya sifuri na maji mazito, yaani maji yenye dyuteriamu badala ya haidrojeni, yanakaa juu kabisa, ukiyachanganya unajipangia kiwango chochote cha katikati. Unajua kipande cha kioo ukikizamisha kwenye kimiminika kinachopinda mwanga sawasawa na chenyewe kinapotea machoni? Ndio hivyohivyo. Kwenye maji mazito kama asilimia 42 protini inapotea, kwenye asilimia 65 hadi 70 RNA na DNA zinapotea. Kwa hiyo unapima sampuli ileile kwenye 42 unaona RNA peke yake ikiwa imekaa vilevile ndani ya mchanganyiko, unapima kwenye 70 unaona protini peke yake. Hilo la kichwa chini miguu juu linakwisha palepale. Eksirei hawezi kukufanyia hivyo bila kujaza sukari au chumvi nyingi mpaka unaanza kujiuliza kama unachopima ndio kile ulichotengeneza.

Na sio jambo jipya. Miaka ya 70 watu walikuwa wanabishana DNA imezungukaje zile histoni, protini zinazoibeba, iko ndani au nje, nyutroni ndio zikaonyesha DNA iko nje imejiviringisha, kabla fuwele nzuri hazijapatikana.

Maji mazito ndio ni lazima, bila hayo huna cha kubadilisha.

fosfo32
Mi nachangia kidogo. Kwenye maabara tuliyokuwepo tulitumia fosforasi 32 kuweka alama kwenye RNA na sulfa 35 kwenye protini, kama walivyofanya Hershey na Chase mwaka 1952 na virusi vyao, ukiona mionzi iko wapi unajua nani kaenda wapi. Kwanini usifanye hivyo badala ya kusafiri na sampuli? Halafu dyuteriamu nayo si ni mionzi tu, ukienda kwenye nyutroni unaongeza mionzi juu ya mionzi, jiangalie kijana.

mzee_wa_bafa
@fosfo32 hapana aisee, hapo umechanganya madesa. Dyuteriamu haitoi mionzi kabisa, imetulia milele. Yenye mionzi ni triti, ile yenye nyutroni mbili, nusu-maisha yake ni miaka 12 na kidogo. Na alama ya fosforasi 32 inakwambia RNA ipo au haipo kwenye bendi ya jeli, haikwambii imelala upande gani wa protini kwa nanomita. Ni maswali mawili tofauti. (Ila heshima kwako kama uliwahi kumaliza jaribio kabla siku 14 hazijala nusu ya fosforasi yako, mimi kila nikiagiza mashine ya jeli inaharibika wiki hiyohiyo.)

nyutroni_taratibu
Nafanya kazi upande wa mashine acha nijibu la kuungua. Watu wengi wanashangaa lakini nyutroni ndio mpole hapa. Chukua urefu wa wimbi wa angstromu 1: eksirei yake imebeba kama eV 12,400, nyutroni yake imebeba kama eV 0.08. Vifungo vya kemia viko kwenye eV chache tu, kwa hiyo eksirei anavunja, anazalisha radikali kwenye maji, protini zinaanza kushikana mbele ya macho yako, ndio maana kwenye sinkrotroni wanaipitisha sampuli ikitembea au wanagandisha fuwele kwenye kelvini 100. Kwenye nyutroni sampuli inakaa hata saa kadhaa kwenye joto la kawaida la chumba na unarudi nayo nzima.

Ubaya wake ni kwamba nyutroni ni chache mno ukilinganisha na sinkrotroni. Kilichokuchukua sekunde kule, huku ni dakika thelathini, saa moja, saa tatu. Hata pale Grenoble Ufaransa kwenye kinu cha megawati 58, ambacho ni cha juu kabisa kwa kazi hii, bado utakaa unasubiri.

Kuhusu wewe mwenyewe: hukai kwenye mwale, lango linafungwa ndio unaingia kubadilisha sampuli, kuta zina zege na boroni na kadimiamu ambazo zinameza nyutroni. Kitu kimoja tu, sodiamu ya kwenye bafa (kile kimiminika cha chumvi kinachotunza pH ya sampuli) ikimeza nyutroni inageuka sodiamu 24, nusu-maisha saa 15, kwa hiyo kyuveti, kile kichupa cha sampuli, haitoki mlangoni mpaka ipimwe na kipima mionzi, na ikibidi inalala pale siku chache. Usikate tiketi ya kurudi siku ileile.

kamba_ya_RNA
Samahani naingilia, siku hizi si kuna AlphaFold, ile programu ya kukisia umbo la protini, na hadubini za elektroni za baridi kali, haya mambo ya vinu bado yanahitajika kweli?

mzee_wa_bafa
Swali zuri na mara nyingi jibu ni hapana, ukipata ramani nzuri ya elektroni maliza kazi hapo. Lakini mchanganyiko wa jamaa kama ni mdogo na unachezacheza hadubini itamsumbua. Na kuna maswali ya haidrojeni yenyewe, kwa mfano histidini (moja ya asidi amino) kwenye kitovu cha kimeng'enya imebeba protoni upande huu au ule, hapo wanatumia fuwele kwenye nyutroni, ila fuwele iwe kubwa, karibu milimita nzima kila upande ndio raha, na ukae siku nyingi unakusanya data. Mwenye vumbi haingii huko, pole seli_moja.

Sasa niseme lililonikuta maana hili ndio haliandikwi. Mara ya kwanza nilipewa siku mbili za mashine, nikafika na protini safi, nikaichanganya na bafa ya maji mazito palepale, asubuhi nakuta imeshikana yote, siku mbili zimekwenda na maji. Maji mazito yanafanya protini nyingi zipende kukumbatiana kuliko maji ya kawaida. Kwa hiyo jaribu nyumbani kwanza, iache usiku kucha kwenye asilimia 70 na 100 halafu pima ukubwa wa chembe kwa leza. Pili, kipima pH kikiwa kwenye maji mazito matupu ongeza 0.4 kwenye namba unayoisoma. Tatu, chupa ya maji mazito usiiache wazi, inanyonya unyevu wa hewani na asilimia yako inakuwa ya uongo. Nne, bafa ya kulinganishia itoke kwenye dayalisisi (kubadilisha bafa kupitia utando) ileile ya sampuli, sio uliyochanganya pembeni kwa kukisia, hii inaua data kuliko kitu chochote.

seli_moja
Aisee nashukuru sana wakuu, nimeelewa kuliko semina nzima ya mwaka jana. Sasa je protini yangu niikuze kwenye bakteria wa maji mazito? Na nipime asilimia ngapi ngapi?

mzee_wa_bafa
Usijitese. Bakteria kwenye maji mazito wanakua kwa kujivuta na lazima uwazoeshe polepole. Hiyo ni ya wenye protini mbili zinazofanana, kama wale waliopanga protini zote 21 za sehemu ndogo ya ribosomu wakiweka dyuteriamu kwenye mbili mbili, wakamaliza ramani 1987. Wewe protini na RNA tayari zinatofautiana zenyewe. Pima 0, 20, 42, 70, 100, kama maikrolita 300 kila moja, kyuveti ya milimita 1 kwenye maji ya kawaida maana haidrojeni inapiga kelele sana, milimita 2 kwenye mazito.

seli_moja
Mrejesho: nimeiacha usiku kucha. Ya 100 iko safi, ya 70 iko safi, ya 42 ina ukungu. Hii imekaaje??

mzee_wa_bafa
Hahaha maji mazito hayawezi kuruka ya 70 yakaiadhibu ya 42. Hiyo ni bafa yako, rudia ya 42 upya kutoka mwanzo na uangalie chumvi uliyoweka.

seli_moja
Nimeangalia daftari. Magnesiamu niliweka mara mbili.