Msaada: naenda Dubai wiki tatu, nipigeje simu nyumbani bila kumaliza mtaji?

Mzigo Mwepesi
Habari za jioni wakuu. Wiki ijayo naenda Dubai kuchukua mzigo, nitakaa Deira wiki tatu. Watu wangu ni wa aina tatu: mke yuko Dar na simu janja, kijana wa dukani Kariakoo ana simu janja lakini bando lake ni la kuungaunga, na mama yuko Lushoto na kitochi. Nasikia simu za WhatsApp kule hazipiti. Laini yangu ya hapa ndiyo yenye M-Pesa na ujumbe wa benki, siwezi kuiacha. Naombeni utaratibu wa gharama nafuu kabla sijapanda ndege.

Fundi Masafa
Mkuu, ulichosikia ni kweli. Falme za Kiarabu WhatsApp inaandika, inatuma picha na ujumbe wa sauti bila shida, ila simu ya sauti na ya video zimezuiwa kwenye mitandao ya kule. Inaweza ikaita na mwenzako akapokea, halafu mkabaki kimya kila mtu na "haloo" zake. Ukiona hivyo usianze kuzima na kuwasha simu wala kununua bando jingine, tatizo haliko kwako. FaceTime na Viber nazo ni hivyo hivyo. Na kwa aliyezoea Skype: ilifungwa Mei 2025, asiitegemee popote.

Programu za simu zinazopita ni kama BOTIM, Zoom, Microsoft Teams na Google Meet. Kwa mkeo ningeanza na Google Meet, kwa sababu Zoom ya bure inakata dakika ya 40, mara nyingi mazungumzo yakiwa ndiyo kwanza yamenoga. BOTIM ni nyepesi na imezoeleka kule, ila kabla ya kuitegemea muulize anayekuuzia laini kama inadai kifurushi cha pekee cha simu za intaneti. Na lazima mwenzako naye awe nayo.

Chochote utakachochagua, kipakueni mkiwa wote Dar na mpigiane angalau mara moja, wewe chumbani na yeye uani. Kumfungulia mtu akaunti kwa maandishi ukiwa umbali huo ni kazi ya siku nzima.

Mshale
Mbona mnamzungusha? Aweke VPN tu, ile programu ya kuficha anwani yako ya mtandao, WhatsApp itapiga kama kawaida.

Bint Tanga
Mshale, hapo unamtuma mwenzio shimoni. Sheria ya makosa ya mtandao ya kule, namba 34 ya mwaka 2021, inataja faini ya dirhamu 500,000 hadi 2,000,000 kwa anayeficha anwani yake ya mtandao ili atende kosa au lisigundulike. Kampuni zinatumia VPN kwa kazi zao na hazina shida, lakini kuitumia kupita kizuizi cha simu ni jambo jingine. Mtu amebeba mtaji wa duka, hana sababu ya kucheza na hilo wakati Meet inapita bila kificho.

Kaka Mzigo, kwa kijana wa dukani nakushauri msipigiane kabisa. Tumianeni ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Dakika moja haifiki hata nusu MB, anausikiliza mtandao ukirudi, na bei na idadi za mzigo zinabaki hapo za kurudia kusikiliza. Simu ya sauti kwa intaneti nayo si mzigo, kwa kawaida haivuki MB 1 kwa dakika. Bando linamalizwa na video. Kwa hiyo kwenye Meet zima kamera, wote wawili, isipokuwa unapomwonyesha bidhaa.

Laini Mbili
Niongee kuhusu laini ya nyumbani, maana hapo ndipo watu wanapoliwa hela bila kujua.

Laini ya Tanzania ikiwa Dubai iko kwenye romingi, yaani inaazima mtandao wa kule, na kwenye romingi unalipa hata kupokea. Anayekupigia kutoka Dar anakatwa kama kawaida. Safari ya simu hiyo kutoka Dar hadi Dubai unailipa wewe. Kupokea ujumbe mfupi kwa kawaida hakukatwi, na hicho ndicho unachokihitaji kwa benki na M-Pesa. Kwa hiyo laini iwe hai, isipokelewe.

Kabla ya kuondoka fanya haya ukiwa bado kwenye mtandao wa nyumbani. Hakikisha romingi imefunguliwa, kisha uzime data ya romingi kwenye simu, kwa laini hiyo tu. Halafu piga ##002# kufuta uhamishaji wote wa simu. Watu wengi wanairuka hii. Ukiacha sanduku la ujumbe wa sauti likiwa wazi, simu usiyoipokea inakuja mpaka Dubai, inakosa jibu, inarudishwa Tanzania kwenye sanduku, na unaweza kutozwa safari zote mbili ilhali hukugusa simu.

Ukifika, laini ya kule iingie nafasi ya pili na uiweke iwe ya data na ya kupiga. Kwenye iPhone zima pia ile ruhusa ya data kuhama yenyewe kati ya laini. iPhone ina tabia nyingine: ukibadilisha laini inatuma kimyakimya ujumbe wa nje ya nchi ili kuwasha iMessage na FaceTime, na salio linapungua. Zizime zote mbili kabla hujabadilisha.

WhatsApp ikikuuliza kama unataka kuhamia namba mpya, kataa. Inaendelea na namba yako ya +255 hata data ikitoka laini nyingine. Weka na PIN ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili.

Na usiipoteze hiyo laini. Imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kuirudisha ukiwa Deira ni mtihani.

Mzigo Mwepesi
Asanteni sana, nimepiga ##002# sasa hivi, imekubali. Bado mama. Yeye hana intaneti, na ndiye ninayetaka kumsikia kila siku.

Fundi Masafa
Kwa kitochi hakuna njia ya mkato mkuu, huko unatumia dakika za kawaida. Zile programu za kupigia namba ya kawaida kwa intaneti, mfano Viber Out, zinafaa sana nchi nyingine, lakini Dubai usizitegemee.

Nunua laini ya mgeni kwa pasipoti kwenye duka la Etisalat (siku hizi e&) au la du, kampuni za simu za kule, ukitaja kabisa kwamba unapiga Tanzania. Usikubali jibu la "dakika za kimataifa zimo". Omba uone orodha ya nchi, kwa sababu vifurushi vingi vya bei ya chini vinalenga India, Pakistan, Bangladesh, Ufilipino na Misri. Tanzania isipokuwemo, dakika zitabaki nzima na salio la kawaida ndilo litakaloteketea. Uliza pia kama wanahesabu kwa sekunde au kwa dakika. Kwa dakika, sekunde 61 ni dakika mbili. Simu za kuja kwetu zina bei kwa sababu mtandao wa mpokeaji nao unautoza wa kule, kwa hiyo ofa ya bei ya kutupa itilie shaka. Nyingine zinapitishwa kwa magendo: mama ataona namba ngeni ya 06 au 07, akiirudia hakupati wewe.

Ukipiga, weka +255 na uondoe sifuri ya mwanzo. Kule ni saa moja mbele, kwa hiyo ukitaka kumkuta saa mbili usiku Lushoto, piga saa tatu yako.

Bint Tanga
Na mpange kubipu. Mama akiwa na shida abipu namba ya Dubai, wewe upige. Kwenye vitochi vingi alama ya + inatoka kwa kubonyeza nyota mara mbili haraka, kisha 971 na namba bila sifuri. Asiandike mwenyewe: ukishapata laini, mtumie ujumbe mfupi kutoka namba hiyo na mtu wa karibu amhifadhie kwa jina lako. Muwekee na salio kidogo la kawaida, likikosekana simu ya nje haitoki hata kwa kubipu.

Mzigo Mwepesi
Nimeelewa dada. Je, abipu ile ya Tanzania ikiwa amesahau?

Laini Mbili
Hakuna hasara mradi hujapokea na uhamishaji umefutwa. Acha iite mpaka ikatike yenyewe, kisha mpigie kwa ya Dubai. Ila ile laini ipe mlio tofauti kabisa, usije ukaipokea kwa mazoea ukiwa katikati ya mzigo.