Mjadala: Je, sensa ya 2032 iulize kabila la mtu?

Mleta mada (Mwalimu, Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha utangulizi wa sosholojia kwa vijana wa stashahada. Kila tukifika kwenye mada ya kabila, tabaka na utambulisho, darasa hugawanyika juu ya swali moja, na safari hii nimeona nililete kwenu: Tanzania irudishe swali la kabila kwenye sensa au ibaki ilivyo?

Mara ya mwisho sensa yetu kuuliza kabila ilikuwa 1967. Ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, ikauliza umri, elimu, ulemavu na hali ya nyumba. Kabila na dini havikuguswa. Hata hivyo kila mtoto wa shule atakuambia tuna makabila "zaidi ya 120", na hajui hesabu hiyo ilifanywa lini wala kwa kipimo gani.

Msimamo wangu nautaja mapema: lisirudishwe. Siogopi kwamba watu watapigana kesho yake. Tatizo langu ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wabunge wengi pia, wanadhani kabila ni kitu kilichokuwepo tangu enzi, kimetulia, kazi ya karani ni kukihesabu tu. Historia inatuonyesha vingine. Gavana Donald Cameron alifika Tanganyika mwaka 1925, na mwaka uliofuata ikapita sheria ya mamlaka za wenyeji: utawala upitie kwa machifu, kila kabila na mkubwa wake. Usukumani kulikuwa na watemi wengi, kila mmoja na himaya yake. Serikali ilitaka mafungu makubwa yanayotawalika, na mafungu yakapatikana. Kwa majirani zetu Kenya, Wanandi, Wakipsigis na wenzao walianza kujiita Wakalenjin kwa pamoja katika miaka ya 1940. Miaka hiyohiyo jina la Mijikenda nalo lilishika kwa Wagiriama, Wadigo, Warabai na wenzao. Zanzibar, sensa ya 1924 iliandika maelfu ya Waswahili. Ya 1931 ikawakuta wachache mno. Hawakufa. Walijiandikisha kwa majina mengine, kwa sababu jina fulani lilikuwa na heshima au faida kuliko jingine.

Darasani huwa nagawa karatasi yenye mistari miwili: "Kabila lako" na "Umejuaje?" Kijana mmoja, baba Mnyamwezi, mama Mhaya, kazaliwa Temeke, aliandika Mnyamwezi. Kwenye mstari wa pili akaandika: "jina la babu." Binti mwingine mama yake ni Mluguru na baba Mpare. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, kwa Wapare hufuata baba. Kwa hiyo kila upande unamhesabu kuwa wake. Mstari wa kwanza aliuacha wazi, wa pili akaujaza mpaka nyuma ya karatasi. Sasa niambieni, karani mwenye nyumba nyingi za kupitia siku hiyo atamwandika wapi?

Mtakwimu wa Dodoma

Mwalimu, heshima kwako, somo limeeleweka. Ila kutoka hapo hadi "lisiulizwe" umeruka mto bila daraja.

Kwamba kabila limetengenezwa na watu haina maana kwamba halina nguvu. Mstari wa umaskini, yaani kiwango ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, nao tumeuchora sisi wenyewe, tumeuhamisha mara kadhaa, na bado tunapangia bajeti kwa kuutumia. Cheo, ndoa, uraia, vyote vimetengenezwa na watu. Sayansi ya jamii ingefuta kila kilichotengenezwa na watu, isingebaki na cha kupima.

Angalia Kenya. Sheria yao ya uwiano na utangamano ya 2008 inakataza ofisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka jamii moja. Iliwezekana kuisimamia kwa sababu hesabu zipo: unaweka jedwali la sensa huku, orodha ya mishahara kule, unauliza maswali. Sisi mtu akilalamika kwamba idara fulani imejaa watu wa upande mmoja, tunamwambia anachochea ukabila, mazungumzo yameisha. Anaweza kuwa mwongo, anaweza kuwa mkweli, hatuna pa kuangalia.

Na kuna wadogo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi ni watu elfu moja na kidogo hivi. Ukisoma takwimu za mkoa wa Manyara au Arusha huwaoni kabisa. Vifo vya watoto wao, shule wanazoacha, ardhi inayowaponyoka, vyote vinamezwa na wastani wa mkoa. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi yao upande wa Yaeda. Ilipatikana kwa sababu walitambuliwa kwa jina lao. Nani atajua hali yao imepanda au imeshuka tangu hapo, kama sensa inaapa kutowaona?

Binti wa Kwale

Hamjambo nyote. Nimeona Kenya inatajwa, naomba niseme kutoka huku.

Wamakonde wa Kwale wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, tangu miaka ya 1930. Watoto na wajukuu wakazaliwa hapahapa, na bado hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, huna kura, na polisi akikusimamisha barabarani huna la kuonyesha. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona rais. Wakapewa vitambulisho, wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka uliofuata Wakenya wenye asili ya Asia nao wakatangazwa la 44. Kwa hiyo anayesema kuandikwa si kitu, aje Makongeni, huku kwetu Kwale, aseme hayo mbele ya wale akina mama.

Lakini sitawaficha upande wa pili. Sensa yetu ya 2019 ilitoa jedwali la makabila, Wakikuyu 8,148,668, Waluhya 6,823,842, na kuendelea hadi wa mwisho. Kila msimu wa uchaguzi tarakimu hizo zinageuka kura. Mtu anajumlisha kabila hili na lile, anakwambia fulani ameshashinda kabla hujaamka kwenda kituoni. Sisi wa jamii ndogo za Pwani tunaonekana kama sarafu za kujazia. Na haki ile waliyoipata Wamakonde ilikuwa haki ya uraia. Ilibidi wapitie mlango wa kabila kwa sababu kwetu ndio mlango uliopo. Je, ni lazima nyinyi mjenge mlango huohuo?

Mha wa Kigoma

Niongeze kidogo kutoka upande wa Maziwa. Rwanda, Wabelgiji waliwaandika watu Mhutu, Mtutsi, Mtwa kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930. Mwaka 1994 vitambulisho hivyohivyo viliamua nani avuke kizuizi barabarani na nani auawe. Baada ya hapo serikali ikayafuta majina hayo kwenye nyaraka zote. Burundi ilikwenda kinyume chake: katiba ya 2005 iliyataja majina waziwazi, bungeni Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, Watwa watengewe viti vyao, na jeshini hakuna upande wa kuzidi nusu. Ndugu wawili, jeraha linalofanana, dawa mbili. Tumeishi na wakimbizi wa nchi zote mbili na kila mmoja ana sababu za kutetea dawa ya kwao.

Mleta mada

Ahsanteni sana, hasa dada yetu wa Kwale.

Mtakwimu, mfano wako wa mstari wa umaskini ni mzuri na nitautumia darasani. Ila kuna tofauti moja. Hakuna anayejitambulisha kwa kuwa chini ya mstari wa umaskini, hakuna chama cha walio juu yake, mtoto haitwi kwa jina lake. Kabila likishaandikwa na dola, watu huanza kulikalia: wanadai nafasi kwa jina lake, wanapata viongozi wa kulisemea, na wale wa katikati wanalazimishwa kuchagua. Ndiyo maana kipimo hiki nakiogopa kuliko vingine.

Na hatukukaa kimya juu ya tofauti za maendeleo. Kilimanjaro na Bukoba zilitangulia kwa sababu ya kahawa na shule za misheni, kila mtu aliona. Miaka ya 1970 serikali iliweka mgawo wa nafasi za sekondari kwa mikoa. Kulikuwa na manung'uniko mengi, lakini kigezo kilikuwa mahali. Mtoto wa Kigoma alipata nafasi kwa kuwa wa Kigoma, babu yake awe nani. Leo tunaweza kwenda ndani zaidi: elimu ya mama, umbali wa maji, lugha ya nyumbani, takwimu za kijiji kimoja kimoja. Kwa Wahadzabe ufanyike utafiti maalumu, kwa ridhaa yao.

Karani wa 2022

Samahani kuingilia, mie nilihesabu watu mwaka 2022, na kuna jambo hamjaligusa. Pale mlangoni mara nyingi anayejibu ni mkuu wa kaya, au mtu mzima aliyepo siku hiyo, na anawajibia wote. Umri wa shangazi, elimu ya mpangaji, kila kitu. Kwa hiyo mkiweka kabila, baba ndiye atakayesema mkewe ni nani na watoto ni nani. Nyumba za ndoa za mchanganyiko ni nyingi mno mijini. Jedwali litakalotoka litakuwa la makabila ya akina baba.

Mtakwimu wa Dodoma

Karani umesema jambo zito, ahsante.

Mwalimu, sijaridhika na mambo mawili. Ukiuliza lugha ya nyumbani umeuliza kabila kwa mlango wa nyuma, na wachambuzi watalitoa tu. Pili, vijiji vya Yaeda Wahadzabe wanaishi na Wadatoga na Wairaqw. Wastani wa kijiji utawameza kama wa mkoa ulivyowameza. Na huo utafiti maalumu, nani ataamua kundi gani ni dogo kiasi cha kustahili? Itakuwa ofisi, na ofisi itatumia orodha ya makabila iliyo kichwani mwa mtu badala ya iliyo mezani ambayo wote tunaweza kuipinga.

Napendekeza hivi. Sensa huwa na majaribio kabla ya siku yenyewe. Katika majaribio hayo wachague maeneo machache, mjini na kijijini. Kila mtu mzima ajibu mwenyewe, aruhusiwe kutaja zaidi ya moja, au kutotaja, au kuandika "Mtanzania" akaachiwa. Mstari wa "umejuaje" wa Mwalimu nao uwekwe. Matokeo yachapishwe yote, pamoja na idadi ya waliokataa kujibu. Ikionekana wengi wameacha wazi, mimi nitakuwa wa kwanza kuandika hapa kwamba swali liondolewe. Wakijibu, na makundi madogo yakaonekana kwa mara ya kwanza tangu 1967, nitamtaka Mwalimu anieleze tuwaambie nini.