Makao ya wazee yakimtelekeza mzazi: tuyashtaki au tumwachie Mungu?

Mwanzilishi, Nakuru:

Naanzisha mjadala huu kwa sababu ya jirani yetu, mzee aliyekuwa fundi wa reli enzi zake. Wanawe wako Nairobi na ng'ambo. Alipopooza upande mmoja walimpeleka kwenye makao ya kulipia hapa mjini, na pesa zililipwa kila mwezi bila kukosa. Siku alipofikishwa hospitali alikuwa na kidonda kwenye mfupa wa mkia, kipana kama kiganja, mfupa unaonekana. Binti yake akaomba faili. Akapewa chati ya kumgeuza kitandani ili asipate vidonda vya kulalia: kila baada ya saa mbili pana alama ya vema, kalamu ile ile, mwandiko ule ule, usiku na mchana, wiki nzima. Mzee alichukuliwa na ambulensi saa sita mchana. Chati inasema siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, amegeuzwa.

Mzee alifariki. Familia ikakaa kikao, wakubwa wakasema yaishe, kesi haitamrudisha. Mimi sikubaliani nao. Makao yanayopokea pesa au sadaka kwa jina la mzee, kisha yakamwacha aoze kitandani, yafikishwe mahakamani. Tena tusisubiri watoto wake ndipo hatua ichukuliwe. Aliyeona aweze kwenda.

Ibara ya 57 ya Katiba inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kutosha kutoka kwa familia na Serikali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.7 wenye miaka 60 na kuendelea. Mwaka 2023 BBC walitoa picha zilizopigwa kwa siri za wazee wakidhulumiwa katika makao yaliyo nje kidogo ya Nairobi. Nchi ilikasirika, kisha ikatulia. Mswada wa kuwalinda wazee ulioletwa Seneti 2018 haukufika kuwa sheria. Tunangoja nini?

Mchangiaji, Kakamega:

Ndugu yangu, anza na waliompeleka. Ibara hiyo hiyo uliyoitaja imetaja familia kabla ya Serikali. Mzazi ana watoto watano, wote wazima, wote wana nyumba, na bado analala kwa wageni? Nimeona watu wakilia kwa sauti kubwa mazishini ilhali mwaka mzima hawakupiga hata simu. Hao ndio watakaokimbilia wakili wakisikia kuna fidia. Mzee akiwa hai hakutembelewa, akifa anakuwa mali. Kama kesi zitafunguka hivyo, basi mlalamikaji aulizwe kortini mara ya mwisho alimwona lini mzazi wake.

Muuguzi, Kisumu:

Nimefanya kazi kwenye makao ya aina mbili, ya kulipia na ya hisani, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Usiku tunabaki wawili. Kuna waliopooza, kuna anayetembea usiku kucha akitafuta mlango wa kwao, kuna anayetapika. Kumgeuza mtu mzima aliyepooza kunahitaji mikono ya watu wawili, tena taratibu, la sivyo ngozi inachubuka kwenye shuka na hapo ndipo kidonda kinapoanzia. Ukimaliza wa mwisho, muda wa kumgeuza wa kwanza umeshapita zamani. Unabadilisha nepi saa ngapi? Unamlisha yule asiyeweza kumeza saa ngapi? Chati hujazwa asubuhi, ndiyo, kwa sababu mkaguzi akija huangalia chati. Haangalii mgongo.

Sasa mkishtaki, atakayesimama kizimbani ni msichana wa zamu, aliyeajiriwa bila mafunzo. Mwenye makao atasema hakujua. Na makao ya hisani yakitozwa mamilioni yatafungwa wiki hiyo. Wazee wasio na mtu wataenda wapi? Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wasiojiweza, ni Sh2,000 kwa mwezi, na kwa wazee inaanzia miaka 70. Hata nepi haitoshi.

Mwana wa Kisumu, sasa Minnesota:

Dada muuguzi, nakuelewa kabisa, maana hiyo ndiyo kazi yangu huku. Lakini usiogope kesi kwa sababu hiyo. Marekani kulikuwa na aibu kama hizi, ndipo ikaja sheria ya 1987 kwa makao yanayopokea pesa za serikali kuu. Kila mzee lazima awe na mpango wake wa matunzo ulioandikwa, na wakaguzi huja bila kutoa taarifa. Wakija kwetu huvaa glavu, humgeuza mzee, humtazama mgongo. Kila jimbo lina mtetezi wa wakazi wa makao ambaye mzee anaweza kumpigia simu mwenyewe. Na mawakili huchukua kesi bila malipo ya mwanzo, wakishinda wanakata sehemu, mara nyingi theluthi.

Si kwamba huku ni peponi. Wazee bado wanapata vidonda. Na kwenye rundo la karatasi za kumwingiza mzazi huwa kuna ukurasa wa usuluhishi. Ukiutia sahihi, umekubali malalamiko yako yasisikilizwe na mahakama. Tangu 2019 makao hayo hayaruhusiwi kukukatalia nafasi kwa kuwa umekataa kuutia sahihi, na aliyetia sahihi ana siku 30 za kujitoa. Mlio nyumbani, someni mkataba wa makao mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kushika kalamu.

Wakili, Nakuru:

Utaratibu huo wa theluthi haupo Kenya. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa akishinda tu. Hiyo ni sababu kubwa kesi hizi hazionekani, kwa maana familia ya kawaida haina pesa ya kuanzia.

Lakini kuna mlango ambao wengi hawaujui. Ibara ya 22 ya Katiba inamruhusu mtu kwenda kortini kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, au kwa maslahi ya umma, na inasema ada ya kufungua ombi la namna hiyo haitozwi. Kwa hiyo anachokitaka mwanzilishi, kwamba aliyeona aende, tayari kinawezekana. Kuna pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 kwa asiye na uwezo. Mahakama katika ombi kama hilo si lazima itoe fidia tu. Inaweza kuamuru unyama ukome.

Kuhusu msichana wa zamu: kosa la mfanyakazi akiwa kazini hubebwa na mwajiri wake. Uhaba wa wafanyakazi ni uamuzi wa mwenye makao, haumwokoi. Na kifungu cha 216 cha Kanuni ya Adhabu kinampa kila mwenye mtu mikononi mwake, asiyejiweza kwa umri au ugonjwa, wajibu wa kumpa mahitaji ya uhai.

Mkiona kidonda, pigeni picha yenye tarehe, ripotini polisi mpate namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, daktari ajaze P3, fomu ya polisi ya kueleza majeraha, mwombe nakala ya faili siku hiyo hiyo kabla haijasafishwa. Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Mzee akifariki, madai hayafi naye. Familia inaomba kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi, inaendelea.

Mwanzilishi, Nakuru:

Ahsante wakili. Wa Kakamega, uchungu wako nauelewa, lakini angalia unakotupeleka. Mzee aliyeachwa na watoto ndiye anayehitaji mtetezi kuliko wote. Tukisema asiyetembelea asishtaki, na hakuna mwingine wa kushtaki, tumempa mwenye makao ruhusa ya kumtesa yule hasa asiye na mtu. Binti wa fundi wa reli alikuja kila alipopata ruhusa kazini, na bado aliletewa chati ya uongo.

Dada muuguzi, hoja ya kufungwa ndiyo nzito, na sitaki ipite hivi hivi. Kwa makao ya hisani nisingeanza na mamilioni. Ningeomba amri: idadi ya walezi wa usiku iwekwe, magodoro ya wagonjwa waliopooza yaletwe, na kaunti ishirikishwe kwenye kesi kama mjibu maombi, yaani mmoja wa wanaoshtakiwa, ili isiseme haihusiki. Ya kulipia ni habari nyingine. Aliyetoza pesa ya walezi wanne akaweka wawili alipe, hata kama ni kwa kuuza gari lake.

Ila kesi kama hiyo haisimami kwa picha peke yake. Itahitaji aliyekuwa zamu usiku ule. Ukiitwa, utakuja kusema chati ilijazwa asubuhi?

Muuguzi, Kisumu:

Ningependa kuja. Lakini nalea wadogo zangu kwa mshahara huu, na nikisema hivyo kortini leo, kesho sina kazi hapa wala kwingine, maana wenye makao wanajuana. Andikeni kwenye hilo ombi lenu kwamba mlezi anayesema kweli asifukuzwe. Mkiandika, niiteni.