Kupausha tatuu ya zamani kwa leza kabla ya kuchora nyingine juu yake: waliopitia naomba ushauri

MamaBatiki_Moro:

Wakuu, habari za leo. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili nimelibeba miaka mingi.

Mkono wangu wa kushoto, upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko, nina tatuu mbili zilizolaliana. Ya kwanza nilichorwa bwenini mwaka 2003, nikiwa kidato cha tatu. Rafiki yangu alifunga sindano mbili za kushonea kwa uzi, akakwangua masizi kwenye chimni ya kandili, akayakoroga na maji, akanichora herufi mbili za jina la kijana niliyempenda wakati ule. Mwaka 2012 zikanichosha, nikaenda Dar kwa mchoraji mmoja wa mtaani azifunike. Akachora kipepeo. Mwili wake mweusi tii, mabawa ya kijani na nyekundu kidogo. Leo kipepeo huyo amekuwa kama doa la oili chafu, na herufi bado zinasomeka katikati ya bawa. Pale alipokandamiza sindano ngozi imeinuka. Ukipitisha kidole unausikia kama mshono wa ndani wa shati. Nimepima kwa rula, ni sentimita 9 kwa 5.

Mume wangu hana neno. Anayeumia ni mimi. Nafanya batiki, na mteja akija anaitazama mikono yangu muda wote ninapomkunjulia vitambaa. Halafu mwanangu wa miaka 7 amejua kusoma, na ameanza kuzitaja zile herufi kwa sauti.

Sitaki kufuta kabisa. Nataka palepale pakae kitu nilichokichagua kwa akili za utu uzima: kale kaua ka zambarau kanakoota kwenye miamba yenye maji huko Uluguru, kwa bibi yangu Mgeta. Nimempata dada mmoja mchoraji mwenye mkono mzuri, lakini amekataa kuchora juu ya weusi ule mpaka nikaupaushe kwa leza. Mimi hilo nalielewa kwa kazi yangu. Batiki tunaanza na rangi nyepesi tukielekea nzito. Kitambaa kikishazama kwenye nyeusi, zambarau utaimwaga bure.

Sasa, saluni moja Dar wameniambia wanafuta kwa siku moja, kwa ile ile mashine yao ya kuondolea nywele. Hapo nikaogopa. Mimi ni mweusi, weusi wa Kiluguru hasa. Je, leza gani inafaa ngozi yangu? Niende mara ngapi, na nikimaliza nikae muda gani kabla ya kuchora? Na huo mshono ulioinuka, utalala?

Mkazi_wa_Ngara:

Pole dada. Mimi niko Nairobi, nimefanyiwa mara tano begani, na kosa langu nitakuambia ili lisiwe lako.

Mara mbili za kwanza nilikaa wiki nane katikati na kila kitu kilienda vizuri. Wino ulikuwa unapungua polepole, ngozi inabaki laini. Halafu kukawa na harusi ya dadangu mdogo, nguo ya mabega wazi, nikataka nimalize haraka. Nikarudi baada ya wiki tatu. Kliniki sitaitaja, lakini walikubali bila hata kuniangalia vizuri, na wakapandisha nguvu ya mashine. Usiku ule malengelenge yalitokea, moja kubwa kama sarafu ya shilingi kumi. Yalipopona yakaacha mabaka meupe. Harusini nilivaa shali. Rangi ya ngozi ilichukua miezi 14 kurudi, na kuna sehemu moja mpaka leo bado haijalingana.

Kwa hivyo ukiulizwa una haraka gani, sema huna. Hata kama unayo.

SindanoNaWino_Msa:

Dadangu wa Morogoro, huyo mchoraji aliyekukatalia mshike sana. Wengi wangeichukua pesa yako na kukupaka doa kubwa zaidi, kwa sababu bila leza njia ya kuficha kipepeo yule ni kuchora kitu kizito zaidi, kikubwa mara mbili au tatu. Mimi nachora hapa Mombasa mwaka wa 11 huu, na nimeyaona mengi ya hivyo.

Mfano wako wa batiki ni sawasawa kabisa. Watu hudhani wino wa tatuu ni kama rangi ya ukuta, kwamba nyeupe ikipita juu ya nyeusi mambo yameisha. Wino huwa ndani ya ngozi, na mpya haukai juu ya wa zamani, huchanganyika nao. Ukiweka zambarau juu ya weusi mzito, utapata weusi. Ukiweka juu ya kijivu hafifu, utapata zambarau iliyotulia, na hiyo ndiyo unayoitaka. Kwa hiyo kazi ya leza kwako ni kuufikisha ule weusi kwenye kijivu hafifu, basi. Anayefuta kabisa huenda mara kumi, pengine zaidi. Anayepausha ili afunike, kwa kawaida huenda mara mbili hadi nne, tano akiwa na wino mwingi. Wewe una tabaka mbili, usishangae ikiwa nne.

Kuhusu mashine. Kwa ngozi yetu uliza leza ya Nd:YAG aina ya Q-switch, yaani inayopiga kwa mipigo mifupi mno, au ya pikosekunde, mifupi zaidi, na uliza kama wana mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064. Namba hiyo iandike mkononi ukienda. Mwanga huo huupita weusi wa ngozi kwa usalama kuliko mingine, kisha ukaupiga wino mweusi ulio chini. Hauuchomi ukaisha pale pale. Huuvunja ukawa chembe ndogo ndogo, na chembe hizo mwili wenyewe ndio huzibeba kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Ndiyo maana aliyoyasema yule wa Ngara ni kweli: ukirudi mapema unaipiga ngozi ambayo bado iko kazini. Mimi wateja wangu weusi nawaambia wiki nane hadi kumi na mbili.

Ile mashine ya kuondolea nywele usiikaribie. Leza ya tatuu hupiga kwa nanosekunde chache, yaani sekunde moja uigawe mara bilioni. Mashine za mwanga za saluni hupiga kwa milisekunde, muda mrefu mno kwa wino. Joto linapata nafasi ya kutoka kwenye wino na kuenea kwenye nyama. Nimeletewa mtu aliyefanyiwa hivyo kifundoni. Tatuu ilikuwa bado iko, na kovu la kuungua juu yake lenye umbo lile lile la tatuu. Sikuweza kumsaidia.

Sasa jambo ambalo wachache watakuambia. Wekundu na kijani kwa ngozi nyeusi ni shida. Nyekundu inataka mwanga wa 532, kijani inataka 755 au 694, na yote hiyo huvutwa sana na weusi wa ngozi, ndipo mabaka hutokea. Lakini wewe hufuti, unafunika! Kwa hiyo kijani kiache. Ua lako si lina majani? Mwambie dada mchoraji majani yakae hapo. Wekundu nao, kama ni kidogo, unamezwa na zambarau. Leza ipige weusi tu: mwili wa kipepeo na zile herufi. Herufi nadhani zitatangulia kuondoka, maana masizi ni kaboni na yanauvuta mwanga ule vizuri, na wino wa bwenini huwa si mwingi.

Kwa hiyo usianzie kliniki. Anzia kwa mchoraji. Achore ua kwenye karatasi ya kupitishia mwanga, aliweke juu ya mkono, akuwekee alama ni wapi pa kupausha na wapi pa kuacha. Mimi huwapiga wateja picha na kuwapa waende nayo. Na kama kipepeo alitiwa vidoti vyeupe, mwambie mwenye leza kabla. Wino mweupe mwingi una titani, ukipigwa unaweza kugeuka mweusi palepale.

Ukimaliza leza, kaa wiki nane kwa uchache. Mimi nataka kumi na mbili. Mshono ulioinuka hautalala kwa leza hii, usidanganywe. Mchoraji hodari ataupitishia ukingo wa jani, na atauendea taratibu, maana ngozi ya kovu haipokei wino sawasawa.

Nyundo_Kali:

Dada, kwa nini usifute yote ukarudi kama ulivyoumbwa? Tatuu juu ya tatuu ni kuongeza mzigo. Nakushauri kama kaka.

MamaBatiki_Moro:

Kaka Nyundo, ahsante, nimekusikia na sijachukia. Mama yangu amesema hayo hayo. Lakini hata nikifuta yote kovu litabaki, na kila nikiliona nitamkumbuka yule kijana. Nataka nikiangalia mkono nimkumbuke bibi.

Tabibu_wa_Ngozi:

Niongeze machache, nimesomea magonjwa ya ngozi hapa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC.

Dada, angalia kovu lako la chanjo ya BCG begani na matundu ya masikio. Kama yamevimba kuwa keloidi, yaani kovu linalokua kupita jeraha lenyewe, au mama, baba, au ndugu zako wanazo, mwone daktari wa ngozi kabla ya leza na kabla ya sindano yoyote ya tatuu. Kuhusu huo mshono, kovu linalobaki ndani ya mipaka ya jeraha ni tofauti na keloidi inayotambaa nje yake, na ni vizuri mtu aushike mkono wako akuambie ni lipi.

Omba wakujaribie nukta mbili tatu kwanza, kisha mkae wiki kadhaa muone ngozi inasemaje. Kama umewahi kupaka mkorogo au krimu za kung'arisha mkononi, useme bila kuficha, kwa sababu zenye dawa za steroidi hudhoofisha ngozi. Ukiwa mjamzito, ahirisha. Piko usiipake juu ya sehemu iliyopigwa leza. Ile kemikali ya kuitia weusi huunguza hata ngozi isiyo na jeraha. Na wakati wa kupigwa uvae miwani maalum ya kukinga macho. Wasipokupa, nyanyuka uondoke.

Kwa kazi yako nina neno moja zaidi: kostiki soda mnayotia kwenye rangi ya batiki. Usitumbukize mkono kwenye rangi mpaka ngozi ifunge kabisa.

MamaBatiki_Moro:

Wakuu, nimeleta mrejesho. Imepita miezi mitano.

Nilifanya kama mlivyosema. Dada mchoraji alichora ua kwenye karatasi, akalizungusha mkononi mpaka majani yakakaa juu ya bawa la kijani. Nikaenda nayo Dar kwa treni ya SGR. Kliniki niliyoipata wana hiyo 1064. Walinijaribia nukta tatu, nikarudi nyumbani kusubiri mwezi mzima. Ngozi haikubadilika rangi. Keloidi sina, na masikio yangu yako safi.

Siku ya awamu ya kwanza nilipakwa ganzi na kupulizwa hewa baridi, lakini maumivu niliyasikia, kama mafuta ya moto yanaporuka kutoka kwenye kikaango, tone baada ya tone, na mlio wa ta-ta-ta na harufu ya nywele iliyoungua. Haikufika dakika tatu. Kilichonishangaza ni weupe. Kila mstari uliopigwa uligeuka mweupe palepale, umeinuka kidogo, sawa kabisa na nta inapoganda kwenye kitambaa. Nilikaa nikiutazama mkono wangu kama kazi yangu mwenyewe. Baada ya dakika kama ishirini ule weupe ukayeyuka, weusi ukarudi, nikadhani hakuna kilichofanyika. Yule mhudumu akaniambia nitulie, kazi inaanza sasa.

Mwili wa kipepeo ulitoa malengelenge mawili. Sikuyapasua. Vaselini, shashi, bandeji isiyobana, mikono mirefu juani. Kazi ya kuchovya nilimwachia mdogo wangu kwa siku 18, mimi nikabaki na kukata vitambaa na kupokea oda. Tulikosa oda moja ya vitenge vya harusi, iliniuma, lakini mkono ulipona bila baka.

Awamu ya pili nilikwenda baada ya wiki kumi. Sasa ni wiki ya sita tangu hapo. Herufi zimebaki kama maandishi ya penseli yaliyofutwa kwa kifutio kibaya; mwanangu anaona mstari, hazisomi tena. Mwili wa kipepeo umekuwa rangi ya majivu, ila kichwani bado kuna weusi wa ukubwa wa punje ya mahindi. Kijani kipo vilevile, kama kaka wa Mombasa alivyosema. Mshono nao upo vilevile.

Swali langu: niende awamu ya tatu kwa ajili ya hiyo punje tu, au inatosha?

SindanoNaWino_Msa:

Umefanya vyema sana dadangu, nimefurahi. Mpelekee mchoraji mkono, auone kwa mwanga wa mchana karibu na mlango, si kwa taa. Ile karatasi ya ua aiweke tena juu. Punje ikiangukia katikati ya ua au kwenye kivuli cha chini ya jani, iache, atahitaji weusi hapo hata hivyo. Ikiangukia kwenye petali, basi rudi wakaipige hiyo punje peke yake, na wiki zako uanze kuzihesabu upya kutoka siku hiyo.