Kikundi cha Familia: Usiku wa Bab el-Mandeb

Mama (saa 1.40 jioni)
Bwana Yesu asifiwe, familia. Baba Neema amenipigia mchana, akanieleza kwamba meli yao haitazungukia Rasi ya Tumaini Jema kama tulivyotarajia, bali usiku huu itapita mlango-bahari wa Bab el-Mandeb kuingia Bahari ya Shamu. Mtandao utafungwa wakati wa kupita. Naomba kila mmoja asimame katika maombi mahali alipo.

Shangazi (saa 1.52)
Amina, wifi yangu. Msiwe na hofu hata kidogo, kwa kuwa Zaburi ya 91 imeshamaliza maneno yote: elfu wataanguka ubavuni pake, lakini yeye hatakaribiwa. Mama Neema, nimeisikia sauti yako asubuhi tulipoongea, na ninakuonya kwa upendo kwamba hofu humfungulia adui mlango.

Mama Neema (saa 2.15 usiku)
Shikamoo Babu, shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Onyo nimelipokea, ila nitasema ukweli kwa kuwa hapa ni nyumbani. Mabaharia 25 wa meli ya Galaxy Leader walitekwa na Wahouthi wa Yemen Novemba 2023 katika bahari hiyo hiyo, nao hawakuachiwa mpaka Januari 2025. Siamini kwamba katika nyumba zao zote hapakuwa na mke hata mmoja aliyekuwa akisali. Kila nikiifungua Zaburi hiyo ninawakumbuka, kisha ninajilaumu kwa kuwakumbuka. Jumapili dada mmoja kanisani aliniambia kwamba nikilia ninayabatilisha maombi ya wenzangu, na tangu siku hiyo ninalia bafuni, bomba likiwa wazi, ili Neema asinisikie.

Mama (saa 2.17)
Pole sana, mwanangu. Sikujua.

Babu (saa 2.48)
Marahaba, mjukuu wangu. Haya ninamtamkia kijana wa jirani huku Rabai ayaandike, kwa sababu macho yangu yamechoka.

Binti yangu, Zaburi ya 91 ni neno la Mungu, nami nimeisoma kando ya vitanda vya wagonjwa wengi. Lakini usisahau kwamba Ibilisi naye aliinukuu juu ya kinara cha hekalu alipomtaka Bwana ajitupe chini, na Bwana alikataa. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosine pamoja na binti yao aliyeishi siku chache tu, huku yeye mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Kaburi liko Nyali, si mbali na mnapolala. Tangu nikiwa mtoto sijamsikia mtu akisema kwamba yale yalimpata kwa kukosa imani. Mwaka 1846 alipanda huku Rabai na mmisionari mwenzake Rebmann, homa ikiwa bado inawasumbua wote wawili.

Tena nyinyi wa Kisauni mnapita Kengeleni kila mnapokwenda sokoni Kongowea. Kengele ile ilikuwa ya watu wa Frere Town, waliokombolewa utumwani na kukaa hapo kuanzia mwaka 1875, na ililizwa wawindaji wa watumwa walipoonekana. Walikuwa watu wa sala, na bado waliweka mtu wa kuivuta kamba.

Shangazi (saa 2.59)
Nimekusikia, Baba. Mama Neema, unisamehe, sikukusudia kukuumiza. Ila mimi niliishikilia Zaburi hiyo mwanangu alipolazwa, naye akapona, kwa hiyo siwezi kuiachia.

Babu (saa 3.04)
Usiiachie. Mpigie simu usiku huu uisome naye, na akilia mwache alie.

Baba Neema (saa 4.05)
Shikamooni nyote. Nina dakika chache. Milango ya nje tumeifunga kwa vyuma, taa za sitaha zimezimwa, na kile chumba cha kujifungia kilicho chini, karibu na injini, tumekijaza maji na biskuti. Serahangi wetu, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, aliniona nimebeba katoni za maji, akacheka, akauliza kwa nini mtu anayesali anajisumbua hivyo. Nikamsomea Matendo 27. Mabaharia wa merikebu aliyopanda Paulo walitupa bildi, ile ya kupimia kina, wakapata pima 20, wakatupa tena wakapata 15, ndipo wakashusha nanga nne za tezi, yaani nyuma ya merikebu, wakaomba kuche. Kwa kawaida nanga hutiwa omoni, yaani mbele, kwa hiyo anayezitia tezi usiku ana hofu hasa ya kupanda mwamba. Serahangi aliacha kucheka hapo, kwa maana hayo anayajua. Na Paulo, ambaye malaika alikuwa amekwisha kumwambia kwamba hakuna atakayekufa, ndiye aliyewashtaki kwa askari wale mabaharia waliotaka kutoroka na mashua. Watu wote 276 walifika pwani, wengine wakishikilia mbao, lakini merikebu ilivunjika.

Mama Neema, mimi sijaahidiwa meli. Nimemkabidhi Bwana nafsi yangu, na wewe, na mtoto, na usiku huu ninalala na viatu mguuni. Tafadhali lia sebuleni. Karatasi za bima ziko kabatini, katika bahasha ya kaki, pamoja na risiti ya ada ya muhula huu.

Mama Neema (saa 4.07)
Usinitajie habari za bahasha.

Baba Neema (saa 4.08)
Rafu ya juu, upande wa kulia. Naingia zamu.

Mama Neema (saa 4.09)
Nimeiona. Nakupenda.

Shangazi (saa 7.30 usiku)
Tumesoma na Mama Neema mpaka sasa hivi. Tumelia wote wawili, na Neema ameamka akatuletea kitambaa cha mezani tujifutie machozi.

Mama (saa 10.50 alfajiri)
Kuna habari yoyote?

Mama Neema (saa 11.20 alfajiri)
Ujumbe wangu wa mwisho kwake bado una tiki moja. Kunakucha huku Kisauni. Nimebandika chai, Neema anataka kunywa kabla basi la shule halijafika.