Naomba ushauri: muziki wangu umepishana na filamu bubu

Wadau, salaam. Niko Umoja, Nairobi. Kwa miezi miwili nimekuwa nikitunga muziki wa sinthesaiza wa kusindikiza Nosferatu, ile filamu bubu ya Mjerumani F. W. Murnau ya 1922. Tutaionyesha mwezi ujao, na kila kipande nilishakipima kwa sekunde kwenye nakala yangu.

Juzi mwenye ukumbi kaleta nakala yake. Balaa! Yake inakwenda polepole. Kamera za enzi hizo mara nyingi zilizungushwa kwa mkono, fremu (picha moja moja) 16 hadi 20 hivi kwa sekunde, si 24 za leo, kwa hiyo nakala hutofautiana mwendo. Kivuli cha Orlok, yule mnyonya damu wa filamu hiyo, kikifika kwenye ngazi, besi yangu imeshanguruma na kunyamaza kitambo. Kinapanda kimyakimya kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba.

Nifanyeje? Niurefushe muziki kwa kompyuta (nimejaribu, ngoma zikalia kama debe), au nipige mubashara nikitazama picha? Mikono ninayo miwili tu, na stima za huku mnazijua.