Mafundi mnaopima platini kwa jicho mnatuharibia matrekta ya zamani

Ndugu wadau, nimevumilia vya kutosha. Trekta la zamani la petroli likianza kumisi, fundi anayeitwa hukimbilia kabureta kwanza, kisha plagi, na distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, huikumbuka mwisho kabisa, tena kwa kufungua kifuniko, kupitisha msasa kwenye platini (vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke), kukadiria nafasi kati yake kwa jicho na kufunga. Fundi wa mwisho aliyeshika trekta letu alifanya hivyo hivyo, akachukua ujira wake wote, na injini ikazima katikati ya shamba.

Kazi hii haitaki makadirio. Matrekta ya Ford 8N ya mwanzo, yale yenye distribyuta mbele ya injini, yanataka nafasi ya inchi 0.015, yaani karibu milimita 0.38, ilhali yaliyofuata, yenye distribyuta ubavuni, yanataka inchi 0.025, karibu milimita 0.64. Jina la trekta ni lile lile, lakini asiye na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) huyawekea yote nafasi moja! Nafasi ikizidi, platini hufunguka mapema na kukaa zimefunga kwa muda mfupi mno, hivyo koili, inayotengeneza umeme wa cheche, haijai vizuri na cheche hudhoofika injini inapokwenda kasi. Ikipungua, moto huchelewa na platini huungua. Kwa hiyo aliyegusa platini amegusa na taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, apende asipende, na anapaswa kuipima upya kabla ya kudai malipo.

Kinachoniudhi zaidi ni shafti ya distribyuta. Ukiishika kwa vidole na kuitikisa kulia na kushoto, unajua papo hapo kama bushi zinazoishikilia zimekwisha, na zikiwa zimekwisha nafasi hubadilika shafti inapozunguka, hata ukipima kwa uangalifu namna gani. Ni ukaguzi wa kufumba na kufumbua, lakini hakuna anayeufanya, kwa kuwa ni rahisi zaidi kumuuzia mwenye trekta platini mpya kila msimu.

Hata hizo platini mpya hufungwa zikiwa kavu. Kisigino chake hulika dhidi ya kamu, sehemu ya shafti inayozisukuma platini zifunguke, na nafasi hujifunga yenyewe, wakati grisi kidogo tu ingetosha. Kidogo, nasema, kwa sababu ikizidi hurushwa kwenye platini zenyewe. Msasa nao huacha chembe zinazozuia umeme kupita. Kama platini zinaungua upesi kupita kawaida, kondensa, inayopunguza cheche kwenye platini, ichunguzwe, na kifuniko kitazamwe kwenye mwanga kama kina ufa mwembamba au michirizi myeusi ambamo moto hupotelea.

Kuanzia sasa, fundi asiye na fila geji hatafungua distribyuta ya trekta letu. Kama humu yupo anayebadilisha bushi za distribyuta na kupima mchezo wa shafti baada ya kuziingiza, naomba ajitokeze, kazi ipo.